Jicho Lisilouma

Wapo kati yetu hapa Katubuka wenye kisukari wasemao, "Naona vizuri, nikapimwe macho ya nini?" Hatuwalaumu. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho pasipo maumivu, na nuru ikishapotea mara nyingi hairudi. Miwani ya sokoni haisaidii hapo. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, tiba ya leza huweza kuokoa nuru iliyobaki. Basi mgonjwa aombe kupimwa macho kila mwaka; aanzie kuulizia Maweni, hospitali ya mkoa wetu. Matone ya kupanua mboni huleta ukungu kwa saa kadhaa, hivyo asiende peke yake. Viongozi wa jumuiya, vipofu mnawatembelea; huyu ambaye bado anaona, nani atamsindikiza, na nauli yake itatoka wapi?