Rais tumchague sisi, si wabunge

Vijana wengi hapa Tuwan, Kitale, husema, "Kura yangu itabadilisha nini?" Halafu kuna wanasiasa wanaotaka kiongozi wa nchi achaguliwe bungeni, eti ndiyo fujo za uchaguzi ziishe.

Mimi nakataa. Kifungu cha 138 cha Katiba kinataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hapo kura ya mtu wa boda wa Tuwan ni moja, na ya tajiri wa Karen ni moja. Kule Marekani, Hillary Clinton alimpita Trump kwa karibu kura milioni 3 mwaka 2016, na bado akashindwa.

Mwaka 2022 Ruto alimshinda Raila kwa kura kama 233,000 hivi. Waliojiandikisha na hawakupiga kura walikuwa zaidi ya milioni 7. Piga hesabu mwenyewe.

Mbunge mmoja ataongeleshwa usiku na kesho abadilike. Kununua mtaa mzima ni kazi. Wasee, 2027 ndiyo hiyo. Jiandikisheni, halafu mtoke mpige.