Sanduku la televisheni nalo lipige hodi

Wiki chache baada ya Idd, mwana wa ndugu yangu aliingia nyumbani na kikasha kwapani, uso umemkunjuka kama mvuvi aliyerudi na nguru mzima. Alikuwa amenunua lile sanduku dogo jeusi ambalo vijana hulichomeka nyuma ya televisheni likaleta filamu, mpira na kila lililoko duniani. Spika zilikuwa zimekwisha kutangulia, tano ndogo na moja kubwa ya kuunguruma, na nyaya zake zimetambaa chini ya mikeka yangu kama tandu.

"Ami," akaniambia, "leo ukumbi wako utakuwa sinema."

Shangazi yangu, ambaye tunakaa naye hapa Mji wa Kale, alikuwa amejiinamia na tasbihi yake. Alimwacha kijana amalize kufunga, apate na kufuta jasho, ndipo akauliza neno moja tu: "Mwanangu, na ile kanda ya kupamba ya marehemu itachezwa humo?"

Kijana akacheka, kisha akanitazama mimi. Nami sikuwa na jawabu.

Wasomaji wangu, swali la bibi huyu ndilo lililonishikisha kalamu. Sote siku hizi twanunua vyombo vya kuonyeshea picha majumbani, na muuzaji hutusifia yale ambayo chombo kitatuletea kutoka nje. Hatuulizi chombo hicho kitafanya nini na vilivyomo ndani. Maoni yangu, na najua wako watakaonipinga, ni kwamba mtu wa mwambao achague chombo chake kuanzia kabatini mwake, wala si kuanzia dukani.

Walio wa rika langu watakumbuka deki zilipoingia Mombasa katika miaka ya themanini. Kabla ya hapo, picha ya Kihindi ilitaka ushike njia uende Regal au Naaz. Deki ikaja, sinema ikahamia ukumbini, na watu wakakodi kanda na kujazana nyumba moja hata wengine wakatazamia dirishani. Lakini deki ilileta na jambo jingine ambalo halikuandikwa sana magazetini, nalo ni kanda za arusi. Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Buibui zavuliwa, nywele zafunuliwa, vugo lapigwa, bibi arusi aonyeshwa. Basi familia zilizojiweza zilimtafuta mwanamke mwenzao mwenye kamera, akapiga picha, na ile kanda ikakabidhiwa mama wa bibi arusi mkononi. Ilikuwa moja, pengine mbili. Iliwekwa kabati moja na dhahabu, na kila mwenye kuonekana mle alijua iko wapi na ufunguo uko kwa nani. Stara haikuhitaji maelezo.

Kanda ya shangazi ni ya mwaka 1991. Bibi arusi wa siku hiyo alikuwa bintiye wa pekee, naye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Picha za kubandika ukutani zipo, lakini sauti yake haimo popote ila katika kanda ile.

Nayo deki ilikufa zamani. Asidhani mtu kwamba ataagiza mpya: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Zilizobaki ni mitumba na vipuri. Kanda zenyewe nazo hazingoji. Ule utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku, na hewa yetu ya pwani yenye chumvi na unyevu huotesha ukungu juu yake. Mwenye kanda kabatini asingoje.

Dukani wapo wanaogeuza kanda kuwa faili za kompyuta, lakini mafundi wengi ni wanaume, na shangazi hakutaka hata kulisikia hilo. Ikawa ni binti yangu aliyejifunza. Tuliazima deki nzima kwa jamaa, akanunua kile kiunganishi kidogo ambacho upande mmoja huingia kwenye deki na upande wa pili kwenye kompyuta, akajifungia chumbani. Kanda haigeuzwi kwa haraka. Kanda ya saa mbili u nusu hutaka saa mbili u nusu, ukiwa umeketi pale ukitazama isije ikakwama. Alipotoka alikuwa na faili ya gigabaiti 6, na macho mekundu.

Tukaichukua diski tukaichomeka kwenye lile sanduku jipya. Halikuitambua. Sababu yake ni nyepesi, na muuzaji alipaswa kuijua. Sanduku lile lilikuwa likisoma diski zilizopangwa kwa mtindo wa kale uitwao FAT32, na mtindo huo haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Chombo kilichosifiwa kwamba chaonyesha dunia nzima kilishindwa kuonyesha arusi moja ya Kibokoni.

Hapo kijana akatoa shauri lake. "Ami, mbona rahisi? Naipandisha YouTube, naifunga iwe ya siri, shangazi ataiona wakati wowote."

Shangazi akamwuliza, "Ukiifunga, ufunguo utakuwa na nani?"

"Na mimi."

"Na mwenye nyumba hiyo uliyoipeleka?"

Kijana akanyamaza. Alikuwa na la kusema, ila aliona haya kulisema: mwenye nyumba ana ufunguo wake daima.

Chuoni, kabla hatujajua hata kuandika majina yetu kwa herufi za Kizungu, tulifundishwa adabu ya kubisha hodi. Amri ya kutoingia nyumba isiyo yako mpaka uombe idhini imo katika Surat an-Nur, na maalimu wetu hakutuachia tuisome kwa ulimi tu. Alitutuma majumbani, na aliyeingia bila hodi alirudi akakiona. Mimi nauliza: je, sanduku hili limepiga hodi? Twaliingiza ukumbini, mahali ambapo hata jirani husimama kizingitini akangoja wanawake wajitande, kisha twalipa neno la siri la intaneti, na hatujui ametoka kwa nani.

Hili si la kuwatisha watu. Mwaka 2023 watafiti wa usalama wa kompyuta walifichua kwamba baadhi ya masanduku ya bei rahisi yanayotumia Android, yasiyo na kibali cha Google, yalikuwa yakiuzwa na ubaya umo ndani tangu kiwandani. Mpango huo waliuita BADBOX. Juni 2025 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa onyo kwa wananchi juu ya wimbi lake la pili, ambalo watafiti walisema limeingia katika vyombo zaidi ya milioni moja. Sanduku lililoambukizwa hukuonyesha filamu kama kawaida. Kumbe nyuma yake wageni wanapitisha mambo yao kwa intaneti yako, na mbele ya dunia mambo hayo yanaonekana yametoka nyumbani kwako. Ni mfano wa mtu akaaye kwenye baraza yako akauza bangi, nawe u ndani wasali.

Hata makampuni makubwa yenye jina si ya kuegemewa kwa yote. Machi 2025 Chromecast za toleo la pili ziligoma ulimwenguni kwa sababu cheti cha usalama cha Google kilikuwa kimemalizika muda. Vyombo vilikuwa vizima, umeme upo, intaneti ipo. Vilingoja ruhusa kutoka mbali, nayo ruhusa ilichukua siku kadhaa kuja.

Kwa hiyo mtu achague nini? Mimi si fundi, ni mtu wa vina na mizani, lakini tangu siku ile nimeuliza na kujaribu, na nitasema niliyoyaona.

Kwanza chombo kiweze kucheza faili zako kutoka diski yako huku waya wa intaneti umechomolewa. Ukiwa dukani nenda na diski yako, mwambie muuzaji azime intaneti, uone. Akikuambia "fungua akaunti kwanza", mshukuru uende zako. Jaribio hilo moja lashinda maandishi yote ya kikashani.

Na maandishi hayo msomaji asiyaogope. Wameandika 4K kwa herufi za dhahabu, maana yake mistari 2160 ya picha. Kanda zetu za VHS zilipigwa kwa mtindo wa PAL, ambao mwisho wake ni mistari 576. Hakuna sanduku liwezalo kuongeza uso wa bibi arusi ambao kamera haikuuona. Linalofaa kuangaliwa ni jingine. Picha za zamani zilipigwa kwa kupishanisha mistari, na chombo kisichojua kuzishona kitakuonyesha michirizi kama meno ya kitana kila mtu anapotikisika. Na katika lelemama watu hutikisika! Tena picha zile ni za umbo la nne kwa tatu. Televisheni za leo ni pana, na chombo kibaya huzivuta zikajaza kioo, mabibi wembamba wa 1991 wakawa wanene wote. Nimeambiwa wako waliokasirikia hilo kuliko jambo lolote.

Sisi mwisho hatukununua kitu. Binti yangu alikuwa na kompyuta ya mkononi ambayo kioo chake kimepasuka, imewekwa uvunguni. Akaiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI na kuitilia programu ya Kodi. Programu hii ilianza mwaka 2002 kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox, ikabadilishwa jina kuwa Kodi mwaka 2014. Haiuzwi, na haiji na filamu yoyote. Huonyesha ulichonacho tu, ikakipanga kama vitabu rafuni. Iko na VLC, yenye alama ya ile pia ya barabarani, iliyoanzishwa na wanafunzi karibu na mji wa Paris mwaka 1996. Hiyo hucheza karibu kila aina ya faili na hushona ile michirizi vyema. Asiye na kompyuta kuukuu aweza kutafuta kibao cha Raspberry Pi, ambacho Waingereza walianza kukiuza mwaka 2012; chaenea kiganjani na Kodi hukaa ndani yake bila taabu.

Hapa niseme na jambo linaloniuma kama mtunzi. Wako wauzaji wanaoijaza Kodi viungo vya wizi wakauza sanduku "lililojaa filamu". Jasho la mtu ni jasho la mtu. Sisi watunzi wa mwambao tumeshuhudia kaseti za taarabu zikinakiliwa barazani kwa mamia huku mwenye shairi akikopa unga. Asiyetaka kutazamwa ndani bila idhini naye asichukue cha mwenziwe bila idhini.

Vijana wataniambia kwamba Juma Bhalo na Zein l'Abdin wote wako YouTube leo, kwa hiyo hizi diski za nini. Ni kweli wako, na mimi mwenyewe huwasikiliza huko usiku. Lakini aliyewaweka aweza kuwaondoa, na kaseti ya Mbwana Radio Service uliyonayo kabatini haiombi ruhusa ya mtu. Sikusema sanduku la intaneti litupwe. Lile la mwana wa ndugu yangu lilirudishwa dukani, likaletwa jingine lenye kibali, nalo hutuonyesha sala za Makka moja kwa moja, na mpira pia, maana sipendi kusema uongo. Viwili vyaweza kukaa ukumbi mmoja. Ila kimoja ni cha barazani na kingine ni cha ndani, na hicho cha ndani hakijui intaneti ni nini.

Zile spika nazo nilizipunguza. Kanda zetu hazina sauti za kugawa pande tano, na kuta za Mji wa Kale ni za kushirikiana. Lile la kuunguruma lilikuwa likitikisa vikombe vya jirani.

Siku ya kuonyeshwa ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri. Sisi wanaume tulitolewa nje. Ndivyo ilivyo desturi, na katika kanda ile wamo wake za watu na mabinti ambao leo ni bibi za watu. Niliketi barazani na mwana wa ndugu yangu, kahawa mkononi, mlango umefungwa. Mara tukasikia vugo, kavu na la haraka, likitoka miaka zaidi ya thelathini nyuma. Kikafuata kicheko cha msichana, na wanawake wa ndani wakanyamaza wote. Kisha nikamsikia shangazi akisema kwa sauti ndogo, "Rudisha hapo. Hapo alipocheka."

Binti yangu akarudisha.