Land Rover ya mzee ipo uani? Usikimbilie kuiuza skrepa

Musoma, Bunda hadi Butiama, Land Rover kuukuu iliyolala uani ni rahisi kuishia skrepa, kwa kilo. Hiyo ni hasara, maana haziongezeki. Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Kuagiza gari lililozidi miaka 8 nako kuna ushuru wa ziada. Na wapenzi wapo: Oktoba 2024 zilijaa kwa mamia Arusha kwenye tamasha la Land Rover.

Mnunuzi makini anaangalia nini? Bodi ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Chasisi ya chuma ndiyo inayooza. Kwa hiyo rangi mpya isikuzuge, ingia uvunguni. Kisha linganisha namba ya chasisi na iliyo kwenye kadi.

Kikwazo kikubwa ni kadi yenye jina la marehemu. Hapo TRA itataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndipo umiliki uhamishwe. Gari lenye karatasi, hata kama haliwaki, bado linauzika kama gari. Lisilo nazo litaenda kwa kilo. Familia imalize hilo kwanza, dalali baadaye.