Ujira Uliopangwa Gizani



Wazee wa Njombe na Iringa wanaikumbuka SILABU, ofisi iliyoundwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944 ili kuandikisha vibarua. Wenye mashamba walisema kwa sauti moja. Kibarua alisimama peke yake, akapewa namba, akaitwa manamba. Ujira wake ulikuwa umekwisha kupangwa kabla hajapanda lori.

Vijana wetu wa Soweto hawapandi lori la Tanga. Wanakwenda kwa wakala wa ajira, naye huwapeleka kwenye kampuni. Kampuni humlipa wakala kwa kila kichwa. Wakala humlipa kijana. Kinachobaki katikati hakisemwi. Kijana huulizwa, "Unataka kiasi gani?" Kwa hofu ya kukosa, hutaja kidogo, na hicho ndicho huandikwa. Nasi tunamwambia ashukuru, kazi ni kazi. Tena sisi wenyewe tumewaandikia vijana barua za utambulisho bila kuuliza watalipwa nini. Twalikiri kosa hilo.

Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni za kuwazuia mawakala kuwaajiri watu na kuwakodisha. Wajanja wakabadili majina: kijana sasa huitwa "mtoa huduma", asidai likizo wala NSSF. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haidanganywi na jina la mkataba. Anayepangiwa saa na namna ya kufanya kazi hudhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Tutaambiwa kwamba wakala naye ana gharama. Ni kweli, na alipwe. Amlipe kampuni iliyomtuma, si kijana kwa kukatwa ujira wake kwa siri. Tutaambiwa pia kwamba kijana alikubali mwenyewe. Papa Leo XIII alikwisha kulijibu hilo mwaka 1891: mapatano ambayo mtu ameyakubali kwa kusukumwa na shida hayageuzi ujira usiomtosha kuishi kuwa wa haki.

Basi kijana asitaje kiasi kwanza. Aulize kampuni inalipa nini kwa nafasi yake, na kama kiasi anachotajiwa ni kabla ya makato au baada yake. Wanaoitwa pamoja waende pamoja. Nanyi viongozi, wekeni daftari katika kila jumuiya: kazi gani, wakala gani, ujira gani, umekatwa nini. Majina ya vijana yasiandikwe. Atakayeitwa Jumatatu alisome Jumapili baada ya Misa.