Nilikata Sehemu Muhimu ya Video, na Injini ya Mtu Ikaumia

Wasee, leo sina vichekesho.

Mwezi Machi niliposti video ya sekunde 58: mimi na mzee wangu tukibadilisha belti ya taimingi ya pikapu yetu, hapa nyumbani Chepsaita. Belti kuukuu inatoka, mpya inaingia, ufunguo unageuzwa, injini inanguruma, mzee anatabasamu. Juu yake nikaandika: "Rahisi sana, jifanyie mwenyewe." Hiyo video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuposti.

Wiki tatu baadaye kijana mmoja akaniandikia inbox. Alikuwa ameitazama, akajaribu kwa pikapu ya baba yake, ile wanabebea mboga sokoni. Alipowasha, injini iligonga mara mbili tatu kama nyundo, ikazima. Vali zimepinda. Akaniuliza, "Boss, mbona hukusema lazima izungushwe kwa mkono kwanza?"

Nilikosa jibu. Sisi tuliizungusha. Hata nilirekodi. Halafu nikaikata wakati wa kuediti kwa sababu niliona inaboesha.

Kwa wale wanaojua tu kupiga stata, ngoja nieleze. Yetu ni Hilux ya zamani, injini ya dizeli ya 3L. Krankshafti iko chini na imeshika pistoni, kamshafti iko juu na ndiyo inafungua vali. Krank ikizunguka mara mbili, kam inazunguka mara moja. Kinachozifanya zielewane, pamoja na pampu ya dizeli, ni belti moja ya mpira yenye meno. Na kwenye dizeli nafasi kati ya pistoni na vali ni ndogo sana. Belti ikikatika, au ukiifunga vibaya, pistoni inapanda kabla vali haijaondoka njiani. Zikigongana, lazima hedi ifunguliwe, na kazi iliyokuwa ya bei ya belti inakuwa ya bei ya ng'ombe.

Belti hii inafaa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwa dashibodi ya kukukumbusha. Shida ni kwamba mtu anaweza kuizima hiyo taa bila kugusa belti. Yetu tuliinunua mkononi kwa mtu, bila rekodi yoyote. Ndiyo maana mzee alisema tubadilishe kabla ya msimu wa kupanda, kabla ya kuanza kubeba mbolea kwa barabara za tope.

Tulianza saa mbili asubuhi. Tukatoa waya ya betri, tukamwaga maji ya redieta, tukatoa feni na belti za nje. Bolti ya puli ya krank ilikataa kabisa mpaka nikaning'inia kwa paipu kama nguo imeanikwa. (Hiyo niliiacha kwa video, inachekesha.) Tukalinganisha alama za krank, kam na pampu, tukavalisha belti mpya, tukakaza. Kwa macho yangu kila kitu kilikuwa sawa, nikaenda mbio kuchukua ufunguo.

Mzee akasema, "Weka hiyo kitu mfukoni."

Akachukua spana, akazungusha krank polepole, kuelekea upande injini huzunguka, raundi mbili kamili. Tukaangalia alama tena. Ile ya kam ilikuwa nje jino moja. Jino moja tu. Tukalegeza, tukarudia kazi yote, tukazungusha tena mbili. Sasa zikakaa. Hiyo ilitula karibu saa nzima, na kwa video yangu haikupata hata sekunde moja.

Huyo kijana yake ilikuwa mbaya zaidi. Ukitoa belti, springi za vali zinaweza kusukuma kam iruke kutoka mahali pake. Yake iliruka, hakujua, akafunga hivyo hivyo. Angezungusha kwa mkono, angesikia imekwama, na hapo unasimama, hulazimishi. Spana ingemwambia kabla ya stata kumwambia.

Sasa, najua mtasema nini kwa komenti.

"Angepeleka kwa makanika." Labda. Lakini sikubali kwamba kazi ya mikono ni ya watu fulani tu. Huku kwetu mtu anatengeneza pampu ya maji, mashine ya kusaga na baiskeli nyumbani, na hivyo ndivyo watu hujifunza. Bado nasema jaribuni, lakini mkiwa na mtu amewahi kuifanya.

"Ni makosa yake, angesoma kitabu cha gari." Sawa, angesoma. Lakini nani alimwambia ni rahisi sana? Ni mimi.

"Watu hawatazami video ndefu." Hiyo ni kweli, na sitajifanya siijui. Lakini hakuna aliyenilazimisha kukata mahali tulikosea. Ningeacha sekunde nne za alama ikiwa nje jino moja, na video ingebaki fupi. Nilizikata kwa sababu nilitaka tuonekane mafundi ambao hawakosei. Na hiyo ndiyo tabia yetu sisi wote wa "jifanyie mwenyewe," iwe ni magari, stima ama dawa za nywele: tunaonyesha mikono ikishinda, tunaficha mikono ikirudia. Mtazamaji anabaki akidhani kurudia ni ujinga, kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nimefuta ile video. Nimeweka nyingine ya dakika 17, jino moja likiwa ndani na mzee akinigombeza. Watazamaji ni wachache mno. Kijana nilimtumia kile nilichokuwa nacho, na hakitoshi hata vali nne. Baba yake bado anakodisha gari la mtu kupeleka mboga.

Kama nyumbani mna Hilux ya 2L, 3L, 5L, 1KD ama 2KD, hiyo ina belti. Zile mpya za 1GD na 2GD zina cheni. Na nyinyi wa Subaru msicheke, injini za EJ pia ni belti. Uliza ilibadilishwa lini. Kama hakuna anayejua, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Ikibadilishwa, andika tarehe na kilomita kwa kipande cha tepu, bandika karibu na injini.

Na kabla mtu yeyote hajagusa ufunguo, spana kwa krank, raundi mbili, kwa mkono. Ukikuta video yangu yoyote imeruka hatua kama hiyo, niite hapa chini mbele ya kila mtu.