Adui wa Mkonge Hakutoka Shambani

Sisi askari tumefundishwa kwamba mlinzi hatazami upande mmoja. Mwaka 1964 Tanzania ilivuna takriban tani 230,000 za mkonge, na wenye mashamba waliichunga Brazili, mshindani wa jani lile lile. Pigo likatoka kwingine: kamba ya plastiki, zao la mafuta ya petroli, nyepesi, isiyooza majini. Mkonge hungoja miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa, mtambo haungoji. Wako wanaolaumu utaifishaji wa 1967 peke yake. Hatukubali, kwani bei ilikwisha anza kuporomoka. Ndugu wenye viwanda, mnunuzi hakutaka mkonge. Alitaka kufunga mzigo wake. Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ni wangapi kati yenu walikuwa tayari na kifungashio kingine?