Wasifu wa Mwalimu Usisubiri Msiba

Yako maandishi ambayo karibu kila ukoo hapa Tanzania umewahi kuyaandika, na huandikwa usiku mmoja, kwa haraka, na watu waliochoka kwa kulia. Ni wasifu wa marehemu. Kijana mwenye mwandiko mzuri hupewa karatasi, wazee hukumbushana miaka, na kesho yake husomwa mbele ya waombolezaji: marehemu alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, akaajiriwa, akaolewa, akastaafu, akaugua, akafariki, ameacha watoto kadhaa, wajukuu kadhaa na vitukuu kadhaa. Desturi hii ni njema, wala siibezi. Lakini nasema, na nasema kwa uchungu, kwamba kwa mwalimu, hasa mwalimu aliyekuwa pia mama, karatasi ile ni dhuluma, na kijana aliyeiandika hana lawama. Aliandika alichoambiwa, na waliomwambia hawakuwahi kumwuliza mwenyewe.

Mama yangu alifundisha shule za msingi milimani Upareni, wilaya ya Same. Aliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru, mwalimu wa daraja la C, na akashika chaki hadi umri wa kustaafu kwa lazima, miaka 60. Mungu akamjalia kuishi mpaka kupita miaka 80. Karibu maisha yake yote ya kazi alikabidhiwa darasa la kwanza. Karatasi yetu ilisema hivyo tu, “alifundisha darasa la kwanza”, kisha ikaendelea na idadi ya wajukuu.

Wasomaji, hebu tulitazame neno hilo. Kufundisha darasa la kwanza ni kupokea watoto waliotoka kwa mama zao wakizungumza Kipare, wengine hawajapata kushika kalamu, na kabla ya mwaka kwisha wawe wanasoma Kiswahili. Ni kuokota visoda barabarani ili mtoto asiye na kitu awe na cha kuhesabia. Ni silabi, imla na mwandiko, kisha madaftari yote yale kubebwa nyumbani yakasahihishwe kwa mwanga wa kibatari, huku andalio la somo la kesho likisubiri. Zamu yake ikifika, mwalimu huyo huyo ndiye wa kusimama mstarini asubuhi kukagua kucha. Kwa kuwa shule zilifuata Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, ndiye pia wa kuwapeleka watoto shamba la shule, na kwake nyumbani lipo shamba jingine linalomngoja.

Na kazi haikuishia hapo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na walimu wa shule za msingi ndio waliobebeshwa mzigo mkubwa wa kisomo. Asubuhi watoto, alasiri wazazi wa watoto hao hao. Likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, likataka watoto wote wa rika la shule waandikishwe ifikapo 1977, na madarasa yakafurika. Takwimu za serikali zinasema kwamba mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1986 walikuwa wamebaki chini ya 10. Tumezoea kuzitaja takwimu hizo tukiisifu sera, nayo inastahili sifa. Ila sera haikumshika mtu yeyote mkono ili herufi yake isipinde. Aliyemshika mkono ni mwanamke aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, mara nyingi ana mtoto mgongoni, na jioni anatazamiwa kupika.

Hayo mimi mwenyewe niliyajua nusunusu. Nusu ya pili nilipewa wakati wa matanga. Alikuja bibi mmoja kutoka kijiji cha ng’ambo ya bonde, akaketi na wanawake wenzake, akaeleza kwamba zamani akipeleka kahawa kwenye chama cha msingi alitia kidole gumba mahali pa sahihi, na kilo zilizoandikwa akazikubali kwa kuambiwa tu. Mama alimfundisha kwanza jina lake, kisha tarakimu, na siku moja akamsindikiza hadi kwenye mizani. Karani aliposoma kilo, bibi yule akamwomba asome tena, kwa sababu alichosoma hakikuwa kile mizani ilichoonyesha. Alilisimulia jambo hilo bila kujisifu. Sisi watoto wa marehemu tulitazamana, maana hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia, wala halimo katika karatasi tuliyoisoma makaburini.

Ndipo nikaelewa kwamba mwalimu mwenye watoto huishi maisha mawili, na hakuna anayeyajua yote mawili. Wanafunzi walimjua mwanamke aliyenyooka, mwenye gauni lililopigwa pasi, asiyechelewa. Sisi tulimjua aliyerudi miguu imevimba, akasinzia juu ya madaftari, akatuambia tule kwanza. Mimi nilikaa pia katika darasa lake, na humo nilikatazwa kumwita mama. Nilimwita Mwalimu kama wengine, na kiboko changu hakikuwa chepesi kuliko chao. Naam, alichapa. Walimu wengi wa wakati ule walichapa, na wako wanafunzi wake ambao wanakumbuka fimbo kabla ya kukumbuka herufi. Hilo nalo liandikwe. Tukiwafanya wazee wetu malaika, wajukuu hawatatuamini hata tutakapoeleza mema yao ya kweli.

Najua atakuwako wa kusema kwamba mwalimu alilipwa mshahara, na kazi ya kulipwa haihitaji kumbukumbu. Mwingine atasema walimu wengi wa miaka ile ya Elimu kwa Wote walipewa mafunzo mafupi mno, na ubora wa elimu ulishuka. La pili lina ukweli, na waliokuwamo darasani walilijua kabla ya wataalamu kulisema. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwauliza zaidi. Vitabu vilipokosekana walifundishaje? Darasa lilipojaa kupita kiasi, nani alikaa wapi? Mshahara wa miaka ya 1980 uliposhindwa kununua sukari, nyumba ya mwalimu iliendeshwa na nini, kwa maandazi ya nani? Majibu ya maswali hayo hayapatikani katika ripoti. Yamo vifuani mwa akina mama waliostaafu, ambao leo wanaketi barazani wakiulizwa tu kama wamekunywa dawa. Kuhusu mshahara, yatosha kuwatazama wastaafu wanaohangaika na mafaili yao ya mafao, kisha aseme anayeweza kwamba walilipwa wakatosheka.

Shaaban Robert aliona thamani ya kuandika maisha ya Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, ambaye hakusoma shule. Akayaandika kitabu kizima, na ndiyo maana leo tunamjua Siti kama mtu, si kama sauti ya santuri tu. Mzee James Irenge alifuatwa na waandishi wa habari uzeeni mwake kwa sababu alimfundisha Julius Nyerere katika shule ya Mwisenge, Musoma. Nafurahi kwamba alifuatwa. Lakini yule ambaye wanafunzi wake walikuwa wakulima, wauguzi, makuli na akina mama wa nyumbani, atafuatwa na nani? Waandishi wake ni sisi, hana wengine.

Basi nawasihi wenye wazazi walimu, na wenye walimu wao wa zamani wangali hai. Wapare na Wachaga wengi hupanda milimani mwezi wa Desemba. Safari hii nendeni na daftari, au wekeni simu mezani irekodi sauti. Msianze na mwaka wa kuzaliwa. Mwulizeni nani alimfundisha yeye kusoma, mtoto gani alimshinda, na kijiji gani alihamishiwa bila kupenda. Kama ni mama, mwulizeni ujauzito aliubebaje darasani, na mtoto alimwachia nani likizo ya uzazi ilipokwisha. Maandalio yake ya somo yaliyojaa vumbi darini yateremsheni kabla hayajawa karatasi za kufungia karanga. Na walimu wakuu walioko kazini, Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, waiteni wastaafu wa shule zenu waketi mbele ya watoto na wasimulie, na mwalimu mmoja apewe kazi ya kuandika.

Katika nyumba yetu tumeanza kwa kuchelewa, lakini tumeanza. Dada yangu anakusanya barua na picha. Mimi ninawatafuta waliosoma kisomo kwa mama, kuanzia kwa yule bibi wa mizani, ambaye ameniambia nije mapema kwa sababu wenzake wawili aliokaa nao benchi moja ni wagonjwa, na mmoja ana mengi kuliko yeye.